Usiku Mmoja kwa Shangazi

Daktari wa macho aliyasema yale maneno kwa sauti ya mtu anayeita majina ya mahudhurio. Macho ya baba yalikuwa yanafunga kutoka pembeni. Kilichobaki ni tundu la katikati, na hilo nalo lingefunga kabla ya mwaka kuisha. Matone yangechelewesha kidogo tu. Nikasema ahsante, nikachukua karatasi ya dawa, nikamshika baba mkono tukatoka. Nje nikanunua machungwa. Nilijua kwamba natakiwa kulia, nikawa nasubiri kilio kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Hakikuja.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nilifundisha, nilisahihisha madaftari, nilipika, nilimtilia baba matone asubuhi na jioni. Watu wa mtaani kwetu hapa Korogwe waliniambia pole, nami nikawajibu nimeshapoa. Nilikuwa nimeingia ganzi, na ukweli ni kwamba ganzi ina starehe yake. Haikudai chochote kwangu.

Baba ndiye aliyedai. Jioni moja akaniambia anataka kumwona tembo. Nikafikiri anatania. Kabla sijamhamishia kwangu alikuwa amelima kwao Misima, Handeni, maisha yake yote, na tembo wamepita kwenye mahindi yake zaidi ya mara moja. Lakini kila walipopita watu walikuwa wamelala. Yeye aliamkia nyayo, kinyesi na mabua yaliyolazwa chini.

"Wamenilia shamba na sura zao sijawahi kuziona," alisema. "Kabla hayajafunga, nataka niwaone."

Nilikuwa na likizo fupi ya Juni. Likizo nyingine ilikuwa Desemba, na kwa maneno ya daktari, kufikia Desemba hakuna ambacho ningeweza kumwonyesha. Kwa hiyo ilikuwa safari moja, usiku mmoja, hifadhi ya Mkomazi: basi mpaka Same, na gari la kukodi kuanzia hapo. Swali pekee lililobaki ni tulale wapi.

Nilikaa na simu nikitafuta. Kulikuwa na vibanda vya hifadhi, humo humo ndani, vyumba vya kawaida vyenye kitanda na neti. Kulikuwa na kambi ya mahema ya watu wenye nafasi zao, hiyo niliipita bila kuisoma. Kulikuwa na gesti za mjini Same. Mama aliyepokea simu ya vibandani hakunizungusha. Aliniambia tembo wanakuja kunywa alfajiri, jua likipanda wanaingia porini, na mtu anaweza kuzunguka kutwa nzima asiwaone. Nikamweleza baba.

"Basi umemaliza," alisema. "Tulale humo humo." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Shangazi yako tutamsalimia wakati wa kurudi. Usimwambie kabla."

Shangazi ni dada yake mkubwa, ameolewa na Mpare na anaishi Same miaka mingi. Na kwetu, ukiwa na ndugu mahali, hulali gesti. Ukilala gesti umemtangaza ndugu yako kwamba ni mchoyo, au kwamba mmegombana, na habari hiyo itafika Handeni kabla yako. Kibanda cha hifadhi, karibu na mlango wa shangazi, kingehesabiwa gesti tu, tena mbaya zaidi, maana ungeambiwa umeona heri kulala na wanyama. Baba aliyajua hayo kuliko mimi, ndiyo maana akaniambia ninyamaze. Shangazi akishajua, baba hana la kusema. Hajawahi kumkatalia dada yake kitu.

Nilimpigia siku mbili kabla ya safari.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sikuwa na nia mbaya, wala sikuwa na nia nzuri. Niliona tu lawama zake zikija kwa mbali, kikao cha ukoo, simu za ndugu mmoja baada ya mwingine wakiuliza bibi wa watu tumemkosea nini, nikachoka kabla hazijaanza. Nilishika njia ya mteremko kwa sababu ilikuwa mteremko.

"Tutapita kwako kidogo, shangazi," nilisema.

"Mtapita? Mdogo wangu anaumwa macho, aje Same akalale kwa watu? Vitanda vyangu vina kunguni?"

Nikasema basi, tutalala kwako. Halafu nikapiga vibandani nikafuta chumba nilichokuwa nimekiweka. Nilipomwambia baba, aliuliza kutoka kwa dada yake mpaka getini kama ni mbali. Nikamjibu si mbali, tutaondoka alfajiri.

"Haya," alisema.

Tulifika jioni. Baba alimwamkia dada yake shikamoo kama mtoto wa shule, shangazi akaitikia marahaba huku akimshika mashavu kwa mikono miwili na kumtazama macho kwa karibu, kana kwamba angeona lililoharibika humo. Tulikula wali na maharage. Akatuomba radhi kwa chakula hicho cha mpito. "Jogoo wenu yuko bandani," alisema. "Hamtoki hapa bila kumla." Nilijua maana ya maneno hayo. Ningeweza kusema papo hapo kwamba gari linakuja saa kumi na moja, jogoo abaki mpaka tutakaporudi. Nilisema ahsante, shangazi.

Saa kumi na moja alfajiri baba alikuwa ameketi sebuleni amevaa koti na kofia, kamba za viatu zimefungwa. Dereva alikuwa amefika na alikuwa akitusubiri nje. Jogoo alikuwa bado hai. Wa kumchinja alikuwa mume wa shangazi, naye alikuwa msikitini, na baada ya swala alibaki kusikiliza tangazo la msiba. Aliporudi ilibidi kwanza akae amjulie hali shemeji yake, maana mtu hamruki mgeni akakimbilia kisu. Kisha jogoo akachinjwa, akanyonyolewa, akabandikwa kwenye jiko la mkaa. Alikuwa wa kienyeji kwelikweli, aligoma kuiva. Kisha wakaja majirani wawili walioitwa kumpa mgonjwa pole. Dereva alinipigia simu mara mbili akiwa hapo hapo nje ya ukuta.

"Haraka haraka haina baraka," shangazi alisema, akimwekea baba paja kwenye sahani. Baba akala. Nje palikuwa peupe, kuku waliobaki walikuwa wanaparua uwanjani. Mimi nilikuwa naitazama saa ya ukutani, naona mshale ukienda, na sikuhisi kitu, hata hasira. Hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Tulifika getini saa nne kasoro. Familia moja iliyolala vibandani ilikuwa inatoka. Mama wao alikuwa mchangamfu, akatuonyesha picha kwenye simu yake bila kuombwa. Tembo walikuwa pale pale nyuma ya jiko, alisema, na watoto wao, sisi tunakunywa chai tunawatazama. Baba akaomba naye aone. Akaisogeza simu karibu na uso, akaizungusha polepole akitafuta pale anapoona.

"Hili ni sikio?" aliuliza.

Kilikuwa kichaka. Yule mama alinitazama. Nikamwambia baba, eeh, ni sikio.

Tulizunguka mpaka alasiri. Dereva alijitahidi, alipiga simu kwa wenzake, alipanda kila kilima. Tuliona swala, pundamilia kwa mbali, na twiga mmoja aliyesimama wazi kabisa. Lakini jua la mchana kwa macho ya baba ni weupe mtupu. Nilimgeuza kichwa kwa mikono yangu mpaka akaelekea kwa twiga, akasema ameona kitu kirefu. Kwenye bwawa, mahali panaporuhusiwa kushuka, tope lilikuwa limejaa nyayo mbichi za tembo. Baba akachuchumaa. Akapitisha kiganja kwenye unyayo mmoja, akafuata ukingo wake wote taratibu mpaka akarudi alipoanzia.

"Hizi nazijua," alisema. Akajifuta tope kwenye suruali, akarudi garini mwenyewe akipapasa mlango.

Tulipata basi la kurudi jioni hiyo hiyo. Shangazi alikuwa ametufungia maparachichi na ndizi, akatusindikiza mpaka stendi, akatupungia mkono mpaka basi likakata kona. Makanya tukaipita, Hedaru tukaipita, baba hajasema neno. Alikuwa ameketi kiti cha dirishani, anatazama mbele, mgongo wa kiti cha abiria mwingine. Nilitaka tuseme kitu chochote, hasa kitu cha kunisaidia mimi.

"Hata hivyo baba, umemwona dada yako," nilisema. "Hilo nalo ni jambo."

Hakugeuka.

"Dada yangu namjua kwa sauti," alisema. "Hata nikiwa kipofu kabisa, akinipigia simu nitajua ni yeye. Tembo simjui kwa sauti."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile ambavyo angenieleza ni mbegu ipi ya kupanda na ipi ya kuacha. Kisha akamalizia, kwa upole uleule, "Nilikuomba kitu kimoja, mwanangu."

Hapo ndipo iliponiuma. Iliniuma kifuani, nikainama, na kile nilichokisubiri tangu kliniki kikaja chote kwa mara moja. Nililia bila sauti. Sikujifuta wala kujificha. Nilikuwa nimeketi pembeni yake, bega kwa bega, na pembeni haoni tena.

Akaniuliza tumefika wapi. Nilingoja mpaka sauti ikanitulia, ndipo nikamjibu kwamba tumefika Mombo.