Mama Pazia na Meli Zinazorudi Nyuma

Kabla ya kiharusi, mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, kwa sababu hapakuwa na dirisha la maana ambalo hakulishonea. Baada ya kiharusi walianza kumwita maskini. Hilo lilimkera kuliko mkono wenyewe, maana mkono ulikuwa mgonjwa tu, ilhali watu wale walikuwa wazima na akili zao. Wateja walisimama mlangoni mwa duka, wakaitazama cherehani iliyofunikwa shuka, kisha wakamuuliza wifi yake, "Anaendeleaje?" naye mwenyewe ameketi palepale.

"Muulizeni yeye," wifi alijibu. "Ulimi haukupooza. Ningeipata wapi bahati hiyo?"

Mahali pamoja palikuwa bado panamwita kwa jina lake: klabu ya michezo ya kompyuta, chumba cha ghorofani juu ya duka la vipuri, chenye feni ya kelele na viti visivyofanana. Watu wazima wenye kazi zao walikutana humo kucheza mchezo wa vita vya meli za angani, na yeye aliongoza ubavu wa kushoto wa timu tangu klabu ianzishwe. Sasa mkono wa kulia ulikuwa mzito juu ya kipanya. Wenzake walikwisha kupeleka meli zao huku na huko, yeye bado anatafuta kitufe.

"Mama, nakuheshimu sana," kapteni alimwambia. Alikuwa karani wa mahakama, amezoea kutangaza mabaya kwa sauti ya upole. "Jumamosi utapambana na fundi simu. Atakayeshinda ndiye tutakayekwenda naye kwenye mashindano."

Fundi simu, mwenye vidole vyepesi kama vya mchambua mchele, aliinamisha kichwa kwa huruma. Mama Pazia angependelea tusi.

Nyumbani palikuwa na mazoezi. Mtaalamu wa viungo alikuwa ameagiza arushiwe mpira laini audake kwa mkono wa kulia. Wifi alikunja soksi zikawa donge, akarusha kutoka kwenye kochi. Kila donge lilipomjia, Mama Pazia alirudi nyuma kwa woga, nalo likaanguka mbele ya miguu yake.

"Wifi, unadaka au unaaga?" wifi aliuliza. "Ukiendelea hivi tutadakia jikoni."

"Hujui kurusha."

"Najua. Ungesimama lingekufika. Ungenijia lingekupiga pua."

Mama Pazia aliliokota lile donge, akaligeuzageuza mkononi. "Rudia," alisema. "Nikirudi nyuma, halafu nikija."

Wifi alirudia, mara kwa soksi, mara kwa kejeli.

Katika ule mchezo, kila meli ilizungukwa na duara jekundu lililoonyesha kombora lake litafika wapi kabla ya mafuta kuisha. Klabu nzima ililiamini duara hilo, Mama Pazia akiwemo hadi siku ya zile soksi: adui akiingia ndani, piga. Lakini duara lilipimwa kana kwamba kila kitu kimesimama. Kombora lilikwenda kwa mwendo uleule, meli iliyolirusha iwe imetulia au inakimbia. Likimfukuza anayeondoka, lilimaliza mafuta njiani. Likirushwa kwa anayekuja, adui mwenyewe alililetea kifua.

Jumamosi kengele ya mchezo ilipolia, Mama Pazia alitoa amri moja tu: meli zote zirudi nyuma, zikipiga. Kisha akauweka mkono wake mzito mapajani.

"Anakimbia," mtu alinong'ona nyuma yake. Mwingine akaguna, "Maskini." Hakuna aliyejisumbua kuuliza anakimbilia wapi.

Fundi simu alimfukuza kwa kasi. Maduara yake yaliwameza adui, akapiga, na makombora yake yakazimika moja baada ya jingine nyuma kidogo ya meli zilizokuwa zikiondoka. Akaongeza mwendo ili awakaribie, na kwa kufanya hivyo akazidi kuyaendea makombora ya Mama Pazia, yaliyompokea hata kabla hajaingia kwenye maduara yake. Vidole vyake viliruka vikitafuta kosa liko wapi. Kosa lilikuwa katika kufukuza.

Alipobaki na meli chache aliacha kipanya. "Mama, umenifanyaje? Nilikuwa nimekufikia."

"Duara ndilo lililokuambia hivyo," alisema. "Vuta kiti nikuonyeshe. Na wewe uliyesema maskini, sogea, usikie vizuri."

Kapteni alikohoa. "Kwenye mashindano, ubavu wa kushoto ni wa Mama Pazia," alitangaza, kwa sauti ambayo safari hii haikuhitaji upole.

Jioni ile, kabla Mama Pazia hajavua viatu, wifi alikuwa ameshashika soksi.

"Tumesikia umeshinda kwa kukimbia. Sasa hapa unakimbia tena?"

"Rusha," alisema Mama Pazia, akapiga hatua mbele. Donge lilimgonga kifuani, likateleza, na vidole vyake vya kulia vikalikamata kwa ncha, soksi moja ikining'inia.

"Hiyo ni nusu," wifi alisema.

"Basi rusha nyingine."