Yeyote Aende Kwanza

Jumanne tulikutana watu sita huko Bagira kuandika pamoja somo la shirika letu la kanisa juu ya kusamehe jirani. Sheria yetu ni moja: sentensi isiyokubaliwa na wote haiandikwi. Kalamu nilishika mimi, kwa kuwa ni mwalimu.

Mezani walikuwepo mama wawili wasiosalimiana tangu mbuzi wa mmoja ale maharagwe ya mwingine.

"Andika, mwalimu," akasema mwenye maharagwe, akitazama ukuta. "Mwenye alikosa ndiye aende kwanza."

"Usiandike," akasema mwenye mbuzi, akikunja na kukunjua kitambaa chake. "Mwenye alikosa iko na haya. Mwenye alikosewa ndiye aende kumutoa haya."

"Na mbuzi nayo iko na haya?"

"Mbuzi hawakuiita hapa, maman."

Wengine tulicheka. Nilichanganyikiwa, maana niliona wote wawili wanasema kweli. Mwishowe niliandika: "Yeyote aende kwanza." Wote wakakubali, tukasema amina.

Jumapili somo likasomwa, likasifiwa. Jioni nilipita kwa wale mama wawili. Kila mama alikuwa ameketi mlangoni pake, amevaa kitenge kizuri, maji ya chai yako motoni, anamngoja huyo yeyote.

Darasani nikisema, "Mmoja wenu afute ubao," ubao hubaki na chaki. Nimeliona hilo miaka mingi, na bado niliandika vile. Sasa nimesimama njiani, kati ya milango miwili. Wasomaji, niingie wapi kwanza?