Fundi wa Mabawa anayesaka sauti ya kumzuia baba yake mlangoni

Saa tisa alasiri, jua bado linachoma bati la nyumba moja ya Mabawa jijini Tanga. Ndani, kwenye ukumbi mwembamba, Najat Idarusi amepiga magoti akikaza skrubu ya mwisho ya kisanduku alichokitundika ukutani, karibu na mlango wa kutokea barazani.

Kisanduku chenyewe ni kopo la siagi. Ndani mna bodi ndogo ya umeme, saizi ya kiberiti, inayopokea maagizo kama kompyuta. Mbele kumechomoza jicho jeupe, ambalo mafundi huliita sensa. Mtu akipita, sensa inahisi joto la mwili wake linavyosogea na kuiarifu bodi. Bodi nayo inawasha taa na kupiga sauti kwenye spika.

"Taa na spika hazinipi shida," anasema kwa kunong'ona, macho yako kwenye mlango wa chumba cha baba yake. "Ninachoogopa ni sauti. Nikikosea tena, nampoteza."

Hasemi hivyo kwa kutia chumvi. Amekwishakosea mara mbili.

Najat, mwenye umri wa miaka 36, ni fundi wa simu na redio. Kwa muda mrefu alikuwa na meza yake Ngamiani, mbele ya duka la vitambaa. Baba yake, Mzee Idarusi, alitumia ujana wake wote katika shamba la mkonge nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kulisha korona, ile mashine kubwa inayoparua majani ya mkonge zibaki singa, yaani nyuzi tupu.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia polepole. Kwanza yalipotea majina ya majirani, kisha njia ya msikitini. Halafu likaja jambo lililomtisha Najat kuliko yote: kila alasiri mzee alianza kuvaa shati, kufunga vifungo vyote na kutoka kwenda kazini, kwenye kazi aliyoiacha kabla Najat hajamaliza shule.

Hatua chache kutoka barazani ipo barabara ya malori.

"Watu waliniambia nimfungie," anasema. "Nikamfungia siku moja tu. Niliporudi nilikuta amegonga mlango mpaka vifundo vya vidole vimechubuka. Alikuwa analia. Alidhani yuko mahabusu, na hajui kosa lake."

Alihamishia meza yake nyumbani, na wateja wengi wa Ngamiani hawakumfuata. Hata hivyo, kuwa nyumbani si sawa na kuwa mlangoni. Maji yanatakiwa kutekwa, chungu kinatakiwa kutazamwa jikoni. Ndipo alipoanza kufuatilia video za mafundi mtandaoni, akaagiza bodi na sensa kutoka Dar es Salaam, akajifundisha kuandika maagizo kwa kompyuta ya kuazima.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa na king'ora na taa nyekundu. Alikijaribu kwa kupita mwenyewe, kikalia mpaka majirani wakachungulia. Alifurahi sana.

Siku iliyofuata alikuwa uani akifua. King'ora kikalia. Alitupa nguo na kukimbilia ukumbini, akakuta mlango uko wazi na kandambili moja imebaki kizingitini.

Bi Mwamvua, jirani anayekaanga mihogo upande wa pili wa barabara, aliona yote. "Mzee hajawahi kutoka mbio namna ile," anasimulia. "Zamani alikuwa anatoka taratibu, unaweza kumwahi. Siku ile alikuwa anakimbia kama kijana. Nikapiga kelele, 'Mzee Idarusi, lori!' Wala hakugeuka."

Lori la saruji lilifunga breki, matairi yakakwaruza lami. Lilisimama karibu naye kiasi kwamba aliweza kuliegemea kwa kiganja. Na kweli aliliegemea, akamtazama dereva na kumuuliza kwa nini anachelewesha watu.

Najat alimfikia. Akamshika mkono. "Baba, unakwenda wapi?"

"King'ora kimelia, mwanangu," mzee akajibu akihema. "Hukisikii? Wataniandika mtoro. Nitakosa kipande leo."

Najat anasema hapo ndipo alipoelewa. Shambani, king'ora ndicho kilichokuwa kikiwaita watu kazini, na kipande ni kadi ya kazi ambayo bila kuandikwa siku yako haihesabiwi. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemtundikia baba yake ukutani mwito wa kumtoa nyumbani.

Alikifungua jioni ileile, akakata waya wa king'ora. Bi Mwamvua alimshauri arekodi sauti yake mwenyewe, kwani mtoto gani baba hamsikilizi? Najat akarekodi: "Baba, kaa kidogo, nakuja."

Mara hii mzee hakukimbia. Alisimama, akaitika, kisha akaanza kumtafuta. Alimtafuta nyuma ya pazia, chini ya kitanda, ndani ya pipa la maji. Kila aliporudi ukumbini, sensa ilimwona na sauti ikarudia. Najat, aliyekuwa amekwenda dukani mara moja, alimkuta barazani amezungukwa na watu.

"Najat wangu ametumbukia mahali," alikuwa akiwaambia. "Namsikia, simwoni. Nisaidieni."

"Nilimkumbatia, nikamwambia ni mimi," anasema Najat. "Akanisukuma. Akasema, 'Wewe mama niache nimtafute mwanangu.'" Anafuta bisibisi kwa kanga. "Usiku ule nilitaka kulivunja lile kopo."

Hakulivunja. Asubuhi alipanda bajaji kwenda Chumbageni kwa Mzee Asheri, Msambaa aliyefanya kazi na baba yake kwenye korona na ambaye sasa anaishi kwa binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Idarusi hajambo?"

Najat akamweleza yote, kisha akauliza swali lililompeleka: baba alipokuwa kazini, kulikuwa na kitu gani kilichoweza kumfanya akae chini?

Mzee Asheri hakufikiri sana. Mashine iliposimama, alisema, mnyapara aligonga mara tatu kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, akawasha taa ya kijani na kupaza sauti: "Korona imesimama! Kaeni!" Na watu wote walikaa. Aliyebaki amesimama karibu na mashine ndiye aliyeweza kupoteza mkono ikiamka ghafla. Akanyanyua mkono wake wa kushoto, wenye vidole viwili.

Najat aliuona ule mkono na moyo ukarudi nyuma. "Basi hapana, baba. Sitaki kumkalisha mzazi wangu kwa hofu."

Mzee Asheri akacheka. "Hofu ilikuwa ya mashine, binti. Ikisimama, hofu nayo imesimama. Pale ndipo tulipokuwa tunakunywa chai. Baba yako ndiye aliyekuwa akitupigia hadithi mpaka mnyapara anasahau kuturudisha. Mgongee reli, kisha mpe chai."

Walitafuta kipande cha reli kwenye gereji ya jirani. Mzee Asheri aligonga mwenyewe, akapaza sauti mwenyewe, Najat akirekodi kwa simu. Walirudia mara kadhaa kwa sababu mzee alikuwa akipaliwa na kikohozi.

Sauti hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kopo alasiri hii.

Najat anainuka, analiondoa komeo mlangoni. Bi Mwamvua ameacha mihogo yake na kusimama ukingoni mwa barabara, mikono ameitanua kana kwamba anazuia mbuzi. Birika liko tayari jikoni. Najat anajibanza nyuma ya pazia, midomo inacheza bila sauti. Anasoma dua.

Mlango wa chumba unafunguka. Mzee Idarusi anatoka amevaa shati lake jeupe, vifungo vyote vimefungwa. Anapita ukumbini kwa haraka. Anafika mlangoni, kisanduku kimya. Mkono wake unashika kitasa, bado kimya. Najat ameshatanguliza mguu.

Ngaa. Ngaa. Ngaa. "Korona imesimama! Kaeni!"

Taa ya kijani inamwangukia mzee usoni. Anaganda, mkono juu ya kitasa. Mlango umefunguka kiasi cha kupitisha mkono, na kutoka nje inasikika ngurumo ya lori linalopita.

Kisha anauachia mlango. Anageuka, anaangalia huku na huku, anakaa kwenye benchi lililo ukutani. Anashusha pumzi ndefu. Halafu anasogea pembeni, anapigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Asheri," anaita. "Njoo ukae. Vikombe viko wapi?"

Najat anatoka nyuma ya pazia, anakwenda jikoni na kurudi na birika na kikombe, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Mzee anapokea kikombe, anamshukuru kwa adabu kama anavyomshukuru mtu mgeni, na anaanza kumsimulia kisa cha mnyapara aliyeogopa paka.

Wiki kadhaa baadaye, kisanduku bado kinafanya kazi, ingawa si kila mara. Siku moja umeme ulikatika, na ni Bi Mwamvua aliyemwahi mzee. Najat ameongeza betri ya pikipiki. Daktari amemwambia wazi kuwa kumbukumbu itazidi kupungua, na hata reli inaweza kufika siku isimwambie kitu.

"Ikifika siku hiyo nitatafuta sauti nyingine," anasema.

Habari zimesambaa. Bibiana, mwalimu wa Chumbageni ambaye mama yake hupotea mara kwa mara akitafuta njia ya kwao Lushoto, alikuja na kuomba auziwe kopo kama lile. Najat hakumuuzia. Alikwenda kukaa na mama huyo alasiri nzima, bila bisibisi wala waya, akamsikiliza akinung'unika kwa Kisambaa. Kila mama huyo alipoinuka kuelekea mlangoni, alitaja jina moja.

"Huyo anayemwita ni nani?" Najat aliuliza.

"Dada yake mkubwa," Bibiana akajibu. "Ndiye aliyemlea. Yuko hai, lakini ni mzee sana, hashuki mjini."

Najat amekwishaongea na Mzee Asheri aje akae na baba yake kwa siku mbili. Jumamosi, inshallah, yeye na Bibiana wanapanda basi la Lushoto, simu imejaa chaji, kwenda kumwomba bibi huyo amwambie mdogo wake akae.