Kufuli la Bwana Pruitt

Miaka kumi na tisa Lurleen Tackett alipika maharage na mkate wa mahindi katika shule ya Cobb Springs, Oklahoma. Aliishi nje ya mji, kwenye uwanja wa nyumba za trela, vijumba vya bati na mbao vilivyokalishwa juu ya matofali, ambavyo hata upepo wa kawaida huvitikisa.

Wapangaji walimsumbua mwenye uwanja, Bwana Dwayne Pruitt, kwa miaka mitatu mizima, mpaka akawajengea handaki la zege la kujificha kimbunga. Kisha vijana wakaonekana wakivuta sigara humo. Akatia kufuli, na ufunguo akakaa nao yeye mjini, mwendo wa dakika arobaini kwa gari.

Jumanne moja ya mwezi Mei, alasiri, mbingu iligeuka rangi ya nyongo. King'ora kikalia. Lurleen alitoka mbio na nyundo mkononi, akaupiga teke mlango wa jirani yake, Odell Vance, fundi bomba mstaafu mwenye mguu mbovu.

"Mzee, toka! Kinakuja!"

"Ngoja nivae viatu."

"Utavivaa mbinguni!"

"Huko ndiko sitaki kwenda peku, mwanamke wewe," Odell alisema, lakini akatoka na soksi zake.

Handakini walikuta watu tisa wamebanana mlangoni, mama mmoja akilia. Lurleen aliligonga kufuli mpaka mpini wa nyundo ukavunjika. Kufuli halikutikisika. Upande wa kusini kimbunga kilikuwa kimeshagusa ardhi, cheusi, kinene, kinatembea bila haraka kama mwenye shamba anayekagua mali yake.

"Mtaroni!" akapiga kelele.

Walijitupa kwenye mtaro wa barabara. Lurleen alimshika Odell mkono, akaficha uso matopeni. Masikio yaliziba. Kukawa na sauti kama ya mawe yanayosagwa ndani ya pipa, bati zikapita juu yao zikipiga mluzi, na mkono ule ukavutwa mara moja, kwa nguvu, kisha ukalegea.

Mvua ilipoanza Lurleen aliinuka. Odell hakuinuka.

Katika nyumba thelathini na mbili haikubaki hata moja. Friji ya Lurleen ilining'inia kwenye mti usio na jani. Sufi za pinki, zile zinazotiwa ndani ya kuta kuzuia baridi, zilitapakaa kwenye nyaya kama nguo zilizoanikwa na kichaa. Mbwa alibweka chini ya vifusi, hawakujua wapi. Na katikati ya uharibifu ule, handaki lilisimama zima, halina hata ufa, kufuli mahali pake.

Kesho yake asubuhi Pruitt alifika na katoni za maji.

"Kazi ya Mungu haina makosa, Lurleen. Tushukuru tulio hai."

"Usimsingizie Mungu! Mungu alileta upepo. Kufuli umelileta wewe."

"Mimi ningejuaje?"

"King'ora kinalia kila mwaka, Dwayne! Ulidhani ni ngoma ya harusi?"

"Una uchungu. Nakuelewa."

"Hunielewi hata kidogo. Shusha hayo maji, uondoke."

Maji aliyagawa. Asante hakuisema.

Mwezi Julai baraza la wilaya liliita kikao. Lurleen alipewa dakika tatu za kusema, akasema kumi na moja, mwenyekiti akigonga meza weee mpaka akachoka. Ikapitishwa kwamba handaki la wapangaji lisifungwe msimu wa dhoruba. Pruitt hakushtakiwa; sheria aliyoivunja, walisema, haikuwapo bado.

"Umeshinda, sasa tulia," dada yake alimwambia.

"Nitulie? Yule mtu amefungua uwanja mwingine."

Tangu hapo, kila Jumapili ya masika, Lurleen huendesha gari mpaka uwanja huo mpya na kuusukuma mlango wa handaki kwa teke, aone kama umefungwa. Mara moja Pruitt alimwitia polisi. Polisi alikuja, akaujaribu mlango yeye mwenyewe mara mbili, akarudi kwenye gari lake.

"Wiki ijayo uje mapema, mama," alisema. "Jua litakuwa kali."