Asali Iliyoiva ya Mzee Kaloki

Kule Mwala, aliyetaka asali isiyochanganywa na sukari alielekezwa kwa Kaloki, mzee mwembamba mwenye mizinga ishirini na miwili na ubishi usiopimika. Kwake yeye asali ilikuwa ya aina mbili tu. Iliyoiva ni ile ambayo nyuki wenyewe wameifunika kwa nta. Isiyofunikwa ni mbichi, ina maji, huchacha upesi, na Kaloki hakuitaka hata ya bure. Mteja mmoja kutoka Mlolongo aliwahi kumwomba asali mbichi. Alirudi kwao na chupa tupu na matusi juu.

Mkewe alipofariki, mzee alibaki kugombana na mbuzi. Kisha mkaza mwanawe, Ndanu, akajifungua msichana, na kwa desturi akapewa jina la bibi yake, Nthenya. Kaloki akapata uhai upya. Alimwita mtoto "mke wangu" mbele za watu, akilalamika kwamba safari hii ameletewa asiye na meno.

Mtoto alipokuwa na miezi mitatu, Ndanu alirudi kutoka kliniki na agizo la nesi: asipewe asali mbichi. Kaloki alicheka sana. Nani angempa mjukuu wake takataka kama hiyo? Hakuuliza zaidi, na Ndanu hakueleza zaidi.

Wiki iliyofuata Ndanu alikwenda kuteka maji, mtoto akalia. Kaloki alichagua sega lililofunikwa lote, akachovya kidole, akamlambisha. Mtoto alinyamaza, akaking'ang'ania kidole cha babu yake. Mzee alifurahi kuliko siku yoyote tangu amzike mkewe.

Baada ya siku chache mtoto alikosa choo. Kisha kope zikalegea, kilio kikafifia, shingo ikashindwa kubeba kichwa, na ziwa likamshinda kunyonya. Hospitalini aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Daktari aliuliza kama amewahi kulishwa asali. Ndanu alikana kwa kiapo. Kaloki akasimama, kofia mkononi.

"Ni mimi nilimpa," alisema. "Lakini ilikuwa imeiva, daktari. Nta ilikuwa imefunika yote."

Daktari alimweleza bila ukali kwamba asali yoyote, hata iliyochemshwa, haifai mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mtu mzima huila bila shida, lakini ndani ya tumbo changa vijidudu vilivyomo kwenye asali huota na kutoa sumu. Kaloki alikuwa amefuga nyuki miaka hamsini na hakuwahi kulisikia hilo.

Madaktari walijitahidi kadiri walivyoweza. Nthenya alifariki siku ya tisa.

Kwenye mazishi majirani walisema ni kazi ya Mungu. Hakuna aliyemlaumu mzee, na hilo lilimchoma kuliko lawama. Jioni Ndanu alimletea chai kama kawaida. Kaloki alimwomba msamaha. Ndanu alikaa chini karibu naye.

"Baba," alisema, "hata mimi sikujua mbichi ni gani. Niliona ukicheka, nikajua wewe unaelewa."

Halafu aliinuka kwenda kuanua nepi. Zilikuwa kwenye kamba tangu siku walipokimbilia hospitali, na hakuna aliyekuwa amethubutu kuzigusa.