Ukuta wa Msomi

Usi wa Mpendae, fundi chokaa, hana simile na wasomi, na wala halaumiwi. Skuli alikuwa wa kati na kati: leo wa ishirini na mbili, kesho wa ishirini na tano, mwalimu hata jina lake hakulishika. Wakil, aliyekaa naye deski moja, alikuwa wa kwanza kila mwaka, na kila akirudi na zawadi yake alimwambia, "We Usi, utabeba zege tu."

Basi masika haya yamemtia adabu huyo wa kwanza. Nyumba ya bibi yake pale Mkunazini, ya mawe na chokaa, aliipiga plasta ya saruji kwa ushauri wa mhandisi mwenye vyeti chungu nzima. Saruji! Juu ya mawe ya matumbawe yanayotaka kupumua! Unyevu ukafungika ndani, chumvi ikala, na asubuhi moja plasta yote ikamwagikia kitandani. Wakil akapiga simu, tena kwa sauti ya upole.

Usi akenda na ndoo yake ya chokaa na bintiye, Yusra. Yusra hakuchukuliwa kwa kazi. Wakitoka hapo walikuwa wapitilize kulipia fomu ya kurudia mtihani, maana mwisho ulikuwa siku ile ile saa nane. Keshapata daraja la nne mara mbili. Miezi mitatu anamwomba babake amfundishe chokaa, na babake anamjibu, "Hii kazi ya waliofeli. Wewe utasoma mpaka kieleweke."

Usi akaubonyeza ukuta, ukamwaga mchanga. Akacheka kwa makusudi.

"Mhandisi wako hakuuliza nyumba imejengwa kwa kitu gani?"

"Hakuuliza."

"Ataulizaje, na yeye anajua kila kitu! Loh!"

Wakil akasalimu amri. "Haya bwana, nimekoma. Hebu niambie, mwanangu naye ni wa kati hivyo hivyo. Mtoto kama yule afunzwe nini afanikiwe?"

Hapo Usi akavimba. "Afunzwe kutazama kabla ya kugusa. Kuuliza bila ya haya. Na kusubiri! Mie chokaa naroweka shimoni miezi, nyinyi chai ikichelewa mnagomba. Apewe kazi moja aishike barabara. Mzazi anayemsukumiza mtoto mitihanini mpaka azeeke, huyo hamnazo, nnakwambia wazi."

Yusra alikuwa kachuchumaa kwenye ndoo, anasugua chokaa baina ya vidole.

"Baba, hii bado ina chembe. Haijaiva."

Usi akatia kidole. Kweli. Kwa pupa ya kuja kumcheka Wakil, alikuwa kachota chokaa ya shimo la juzi, iliyorowekwa siku mbili tu.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimekutazama," alisema Yusra. "Nikakuuliza. Nikasubiri. Na wewe ndiye unayenipeleka mtihanini."

Wakil alipata nafasi ya kucheka, akaitumia yote. Usi uso ulimwiva kwa haya, akajiona yeye ndiye yule mzazi aliyekuwa akimtukana sasa hivi.

"Mpumbavu mkubwa mimi," alisema, kwa dharau ile ile aliyowawekea wasomi. Akaitoa fomu mfukoni, akaifutia chokaa ya kidoleni.

"Kunja mikono ya baibui," akamwambia bintiye. "Twende tukachote iliyoiva."