Kopo la Vipande vya Filamu

Siku yangu ya kwanza kazini pale Voi, miaka ya sitini, nilitarajia kukabidhiwa gari la sinema. Bwana Afisa wa Habari akanipa mkasi, gundi na kopo tupu la majani chai.

"Kijana, filamu itakukatikia," alisema. "Kata palipochanika, kwaruza ncha zote mbili, paka gundi, bana, hesabu hadi kumi. Na kila kipande ulichokata kirudi hapa koponi, nisije nikaulizwa mali ya serikali iko wapi."

Nilimwona mkali bure. Leo namshukuru sana.

Tulizunguka vijijini na gari hilo, Ronge, Salaita, hadi Kasigau, ambako barabara ilituvunja viuno. Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mwanamke mpiga fidla aliyetenganishwa na mumewe na vita. Mwishoni mume anashuka treni, wanakumbatiana. Mimi niliieleza kwa Kidawida, lugha ya Wataita, kwenye kipaza sauti, nikitia chumvi kidogo.

Kasigau alikuwapo Mama Mghoi. Mumewe alikwenda vita vya Burma na hakurudi, wala barua haikuja. Kila tulipofika alikaa mbele, na picha ikiisha tu, ananiita: "Mwanangu, rudisha hapo wanapokumbatiana."

Nilirudisha. Ningemkatalia vipi? Lakini filamu ikirudishwarudishwa huchakaa, ikawa inakatika papo hapo kila safari. Nami nakata, naunga. Miaka ikapita, hata jioni moja mume akashuka treni na picha ikaisha.

"Na wamekutana?" Mama Mghoi aliuliza.

"Wamekutana, mama. Ila pale pamekwisha. Ni mkasi wangu huu."

Hakunilaumu. Alijifunga leso yake vizuri akaenda nyumbani. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

Nilipostaafu, video zilikuwa zimeshaingia mjini na gari letu limeegeshwa. Afisa mpya aliniuliza nataka kumbukumbu gani ya ofisi. Nikamwomba lile kopo.

"Takataka hizo, mzee? Chukua tu."

Nilikwenda nalo hadi Kasigau. Mama Mghoi alikuwa uani akipukuchua mahindi, amezeeka, lakini macho mazima. Nilichagua kipande kisichozidi urefu wa kidole, nikamwambia akiinue kwenye jua.

Alifumba jicho moja, akatazama. Akatazama mpaka mkono ukachoka, nikaushikilia.

"Kumbe wako hapa," alisema. "Na hajamwachilia."